Mate ya Baba na Msimu wa Raga

Kama unasoma haya ukiwa umekalia benchi nje ya chumba cha eksirei, umeambiwa uvue shati na shati liko magotini, sogea nikae. Hilo benchi nalijua. Litakukata matako mpaka usahau kwamba ulikuja kwa ajili ya kifua. Mimi nililikalia nikiwa na mwili wa fahali na hasira kwa kila mtu: kwa daktari, kwa karani aliyewaita wenye homa kabla yangu, na kwa mama mmoja aliyekuja hospitali na kuku kwenye kikapu. Kuku naye alinikera. Madaktari wataandika mambo yao. Mimi nataka nikuambie jinsi ilivyo kufungiwa mahali huku maisha yako yanachezwa na watu wengine na wewe unasikia kelele tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika shamba moja la chai kati ya Kericho na Sotik. Nilifanya kazi kiwandani, ghorofa ya juu, kule majani mabichi yanakotandazwa yanyauke kabla ya kusagwa. Lakini sikuandikwa kazi kwa sababu najua kugeuza majani. Niliandikwa kwa sababu ya mabega.

Fundi mkuu wa mitambo alikuwa Mzungu wa kaskazini ya Uingereza. Tulimwita Bwana Boila, kwa maana aliipenda boila ya kiwanda kuliko watu. Mameneja, Wazungu wenzake, walikuwa na klabu yao na raga yao ya watu kumi na watano, ya kucheza halafu kunywa. Bwana Boila hakuitaka. Kwao, alisema, raga ni ya watu wa viwandani na migodini, wachezaji ni kumi na watatu, na mchezaji analipwa kama mtu yeyote anayetoka jasho. Akazungumza na mafundi wa mashamba mengine, na kabla hatujaelewa vizuri kukawa na ligi. Kila Jumamosi ya msimu, shamba moja dhidi ya jingine. Ukicheza unalipwa, na ukiwa mzuri kweli unapewa nyumba ya mawe, unaiaga ile ya mabati.

Mimi nilipewa ya mawe. Wenzangu waliniita Tingatinga, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuchukua mpira na kwenda nao moja kwa moja kwa watu. Sheria za raga ile nilizipenda. Ukiangushwa na mpira, wanakuachia, unainuka, unausukuma nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua. Mkiangushwa mara sita, zamu ni ya wale wengine. Kwa hiyo kuangushwa si aibu. Aibu ni kulala. “Inuka, cheza!” Bwana Boila alipiga kelele kando ya uwanja mpaka shingo ikawa nyekundu, na hayo mawili yalikuwa karibu Kiswahili chake chote.

Sasa nikuambie habari ya baba.

Baba alikuwa na shamba lake dogo kule Merigi: chai kidogo, mahindi, ng'ombe wachache. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, anasimama mbele anasoma matangazo. Lakini kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho hakukiacha mlangoni pa kanisa. Kwetu Wakipsigis, mzee akikutakia heri hukutemea mate. Si mengi. Tfu, kidogo tu, kifuani, pamoja na maneno ya baraka. Mtu wa nje akiona atadhani ni tusi. Kila Jumamosi baba alikuja kutoka Merigi, akalala kwetu, na kabla sijaingia uwanjani nilifungua kifua akanitemea.

Nahodha wetu alikuwa Onsongo, Mkisii kutoka ng'ambo ya Sotik, mtu wa mdomo mrefu na miguu mifupi. Alipoona mara ya kwanza alirudi nyuma.

“Aiya! Huyu mzee anakutemea mate?”

“Ananibariki.”

“Basi mimi anibariki na maneno peke yake. Hiyo maji akae nayo.”

Siku hiyo mimi nilifunga mara mbili, na Onsongo aliangusha mpira kila alipoushika, mpaka mashabiki wakamwuliza kama amepaka siagi mikononi. Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza mbele ya baba, jezi ameipandisha mpaka kidevuni. “Mzee, mimi pia ni mtoto wako. Tema bila huruma.” Wiki chache baadaye timu nzima ilikuwa kwenye foleni, Mluo, Mluhya, wote. Bwana Boila naye, bila kusema neno, akauleta mpira wenyewe utemewe.

Na tukashinda. Haki ya Mungu, tulishinda kila shamba, nyumbani na ugenini, mvua na jua. Nenda leo kokote katika laini za nyumba za wafanyakazi, ukakute mzee mwenye nywele nyeupe, umwulize juu ya msimu ule. Atakuambia mpaka usiku uingie. Sitakuongezea chumvi, kwa sababu mimi mwenyewe niliuona nusu tu.

Kikohozi kilinianza wakati wa kiangazi, kabla ligi haijafunguliwa. Nikasema ni vumbi la kiwandani. Kikaendelea wakati wa mvua, nikasema ni baridi. Mtu mwenye mabega huwa na majibu mengi. Shuka asubuhi lilikuwa limelowa jasho, na mke wangu Chelangat, ambaye alikuwa na mimba yetu ya kwanza, alilianika bila kuniambia kitu. Halafu Jumamosi moja niliangushwa vizuri, mwangusho wa kawaida, na nilipoinuka kucheza mpira mdomo ukajaa ladha ya chuma. Nikatema damu kwenye nyasi. Nikadhani ni jino. Nikahesabu meno kwa ulimi, yote yapo. Bwana Boila aliangalia ile nyasi, akaniangalia mimi, akaenda kuwasha Landrova.

Ndivyo nilivyofika kwenye hilo benchi. Na nilipoitwa ndani daktari alisema neno moja ambalo wewe labda umeshaambiwa: kifua kikuu.

Wodi ya kifua ilikuwa mbali na wodi nyingine, ukingoni mwa mteremko, na imezungushiwa waya. Sijui ni nani aliichagua hiyo sehemu, lakini alikuwa mtu wa mzaha mbaya. Chini yake kulikuwa uwanja wetu. Kati ya dirisha langu na uwanja walikuwa wamepanda mikaratusi, kwa hiyo niliona nguzo za upande mmoja tu. Fikiria hilo. Timu yako inashambulia upande huu, unaona kila kitu, unapiga kelele mpaka unakohoa. Wakibadilisha upande, wanapotelea nyuma ya miti, na unabaki na sauti. Kelele zikipanda hujui ni furaha ya nani.

Wema wa Sista Tabitha ndio ulioniokoa siku hizo. Alikuwa nesi wa wodi, Mkipsigis mwenzangu, mama wa makamo, mkali kama kiwavi. Varanda ya chumba chake cha dawa iliziona zile nguzo nyingine. Kila Jumamosi, kama kazi ilimruhusu, alisimama pale akanitangazia. Mchezo wenyewe hakuuelewa. “Wamelaliana! Sasa yule mfupi anakimbia! Wamemwangusha, maskini, kwa nini hawamwombi radhi?”

Asubuhi aliniletea sindano. Kila siku, matakoni, leo kulia, kesho kushoto, mpaka kulala chali kukawa kazi. Alikuwa anaishika ile chupa ya dawa mkononi kwanza ipate joto, ili isiniume sana. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Ukipata nesi wa namna hiyo, mshukuru siku hiyohiyo.

Dawa ile ilinifanya masikio yalie. Mlio mwembamba, hauishi. Kuna siku nilisikia mashabiki wakishangilia siku ya Jumanne, uwanja mtupu, ng'ombe wawili tu wanakula nyasi. Mabega yakaisha. Onsongo aliponitembelea na kusimama nje ya waya alicheka kwanza, kwa woga. “Tingatinga imeisha mafuta!” Halafu akageuka akajifanya anaangalia mikaratusi. Nilimwona anafuta macho kwa mkono wa sweta. Uji nilikuwa nautapika, na Sista ananirudishia mwingine papo hapo. Mgonjwa haulizwi uji.

Lakini kilichoniumiza kuliko sindano kilikuwa kikopo. Kila mgonjwa alipewa kikopo cha bati chenye kifuniko, kina dawa kali chini. “Humu ndimo utatema,” Sista aliniambia. “Usiteme chini, usiteme dirishani, usitemee mtu. Kile kinachotoka kifuani mwako sasa kinaua.” Nililala na hicho kikopo kando ya mto nikikiangalia. Nimezaliwa na kukua kwa mate ya baba. Nilipotahiriwa, nilipopata kazi, nilipooa. Na sasa yangu yalifunikwa kama sumu ya panya.

Halafu Sista akaniuliza nani mwingine anakohoa nyumbani.

Nyumbani kwetu Merigi, kikohozi cha baba kilikuwa kama saa ya ukutani. Kilituamsha asubuhi. Kilitujulisha kwamba amefika kutoka shambani kabla mbwa hawajabweka. Alisema ni cha moshi, na hakuna aliyewahi kukitilia shaka.

“Baba yangu,” nikasema.

“Yule anayebariki timu?”

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena.

Chelangat alipimwa, akaonekana mzima, Mungu ni mwema. Baba aliletewa habari kwamba anatakiwa kuja kutema kwenye kikopo, makohozi yapelekwe kwa maabara, watu wayaangalie. Alikataa. Alikataa kwa upole mara ya kwanza, na kwa fimbo mara ya pili. Na ukimwelewa mzee wa kwetu, utajua kwa nini. Mate yake hutoka kwa hiari, kwa mtu anayempenda, na maneno yake yakiwa juu yake. Atoe mate bure, ndani ya mkebe, vijana wa koti jeupe wayachunguze kama yana ubaya? Ni sawa na kumwambia mchungaji alete Biblia yake ipimwe.

Mimba ya Chelangat ilikuwa imefika mahali pa kufika. Na mtoto akizaliwa, mtu wa kwanza kumshika na kumtemea angekuwa babu yake. Hiyo haikuwa na mjadala. Nilikuwa nalala ndani ya waya nikiona wazi kitakachotokea, kama vile unavyomwona mchezaji anamjia mwenzako kutoka nyuma na sauti yako haifiki. Baba angekufa kwa kiburi, na angemchukua mtoto wangu. Na mimi mguu wangu haukuruhusiwa kupita lango.

Nilimwambia Chelangat wakati alipokuja na chupa ya maziwa. Alisimama upande wake wa waya na mimi upande wangu.

“Mtoto akija, usimpe baba.”

“Nitamwambiaje? Huyo ni mkwe wangu. Mimi ninamnyimaje mjukuu wake?”

“Tafuta njia.”

“Wewe umelala hapo unasema tafuta njia!” Alilia kwa hasira. Alikuwa hajawahi kunipandishia sauti kabla ya siku hiyo. “Nyinyi wote wawili mnakohoa, na ni mimi nitaitwa mbaya.”

Alikuwa na haki. Aliweka maziwa chini, akaenda nyumbani, akafunga vitu vyake, akapanda gari kwenda kwa mama yake Sigowet bila kuaga. Alijifungulia huko, katika mvua kubwa ya mchana, msichana. Tukamwita Cherop, kwa sababu ya hiyo mvua. Habari ililetwa na dereva wa lori la majani, alisimama nje ya waya akapiga honi na kuonyesha kwa mikono kwamba ni msichana. Nilifurahi, nikageuka ukutani, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Baba alikuja kesho yake. Nilimsikia kabla sijamwona, kikohozi kinapanda mteremko.

“Chamgei,” nikamsalimu.

Hakuitikia. “Mke wako amenikimbia na mjukuu wangu. Nimemkosea nini?”

“Hujamkosea, baba. Ni mimi nilimwambia.”

“Wewe?”

“Baba, hicho kikohozi chako ni hiki changu. Nimekisikiliza miaka yote na sasa nakitambua. Nakuomba. Tema tu kwenye kikopo mara moja wajue.”

Alishika waya kwa mikono miwili. Nikaona jinsi mikono ilivyokonda, na shati linavyoning'inia. “Kwa hiyo unaniambia mate yangu ni ugonjwa. Nilikutemea tangu ukiwa mkubwa kama kibuyu cha maziwa ya mursik. Nimewatemea hao vijana wote. Unaniambia nilikuwa ninawaua?”

“Sisemi hivyo.”

“Unasema.” Akaachilia waya. “Basi sitatema tena. Wala kwenye kikopo chenu, wala kwa mtoto, wala kwa mpira.” Akashuka. Alikohoa mpaka kule barabarani, na mimi nikasimama pale nikakohoa pia, na sikujua tena kipi ni chake na kipi ni changu.

Jumamosi hiyo hakuja uwanjani. Na tukapigwa. Kwa mara ya kwanza msimu mzima, tukapigwa na shamba ambalo halijawahi kumshinda mtu, watu waliokuwa wanacheza kwa viatu vya kazi. Sista alitangaza mpaka akaacha. Nikamwuliza vipi, akasema, “Afadhali usijue.”

Jumatatu timu ikapanda kuniona, wengi wao, wamejipanga nje ya waya na sura za msiba. Onsongo ndiye aliyesema.

“Tinga, mzee yuko wapi? Fainali ni karibu. Bila yeye hatuwezi. Jumamosi mimi niliona kabisa mpira unanikataa.”

Hapo nilibanwa kweli. Ningesema ni mgonjwa, habari ingeenea mashamba yote jioni hiyohiyo: kwamba mzee wa kanisa wa Merigi amekuwa akitemea watu kifua kikuu. Hata kanisani hangesimama tena. Ningenyamaza, wangemfuata nyumbani wambembeleze, naye angekubali, maana aliwapenda, na angeendelea hivyo mpaka tumzike. Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo niliijua tangu shule, lakini haikuniambia niseme nini mbele ya watu wanaomheshimu baba yangu.

Nikawaambia wengine waende, nikabaki na Onsongo. Nikamwambia yote. Nilimwambia hata kwamba naogopa.

Onsongo, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alikaa chini kwenye nyasi. Akafikiri. “Na sisi?” akauliza mwishowe. “Mimi nilimwambia ateme bila huruma.”

“Na nyinyi mpimwe.”

“Wote?”

“Wote.”

Akainuka akapangusa suruali. “Sawa. Hii niachie. Na wewe usimwambie mtu kitu, maana mdomo wako ni mkubwa.”

Alhamisi, lori la majani lilisimama mbele ya hospitali, na kutoka nyuma yake ikashuka timu nzima, wamevaa jezi. Jezi, siku ya kazi! Katikati yao alikuwa baba, na kofia yake ya kanisani. Baadaye nilisikia jinsi ilivyokuwa. Walikuwa wamekwenda Merigi, Onsongo akapiga hodi akasema: mzee, timu imeitwa hospitali, wote, kwa sababu tulicheza na Tingatinga. Hatujui kilicho vifuani mwetu. Tunaogopa. Njoo usimame nasi. Na hilo halikuwa uongo hata neno moja.

Walipangwa varandani, nje ya maabara, mahali ninapoona. Sista Tabitha akaja na sinia la vikopo. Akaanza upande wa Onsongo. Onsongo akachukua chake, akakifungua, akakiangalia ndani, halafu akakifunga.

“Sista, hii haiwezekani,” akasema kwa sauti ambayo hata wa wodi ya wazazi waliisikia. “Sisi ni timu. Kwetu hakuna mtu anatema kabla ya mzee.”

Wote wakashusha vikopo. Wakamgeukia baba.

Nilishika kingo za dirisha. Baba alisimama pale, amewaangalia mmoja mmoja, na nilijua ameelewa. Hakuwa mjinga, baba yangu. Alijua ametegwa, na alijua kwa nini. Akageuza kichwa polepole, akaangalia dirisha langu. Sikuweza kuinua hata mkono.

Sista naye, yule mkali, alipiga magoti mbele yake na kile kikopo juu ya viganja viwili, vile binti wa kwetu anavyopokea kitu kwa mzee.

Baba akavua kofia. Akakohoa kutoka chini kabisa, akasema maneno yake ya baraka, yote, bila kuruka, na akatema. Baada yake, wote kumi na watatu: tfu, tfu, tfu. Onsongo alitema mara mbili. Akasema moja ni ya bahati.

Majibu yalipotoka, vijana wote walikuwa safi. Baba hakuwa safi. Alikuwa mbaya kuliko mimi.

Walimpa kitanda kilicho kando ya changu. Siku za kwanza hakusema. Alipokea sindano akiangalia ukuta. Kikopo chake alikiweka chini ya kitanda, asikione. Mara moja tu, wakati wa chai ya saa nne, aliniuliza bila kunigeukia:

“Ni mimi nilikupa?”

Nilikuwa nimemwuliza Sista swali hilohilo. Alikuwa amenijibu kwamba hakuna anayejua, na hata ukijua huponi haraka.

“Pengine ni mimi niliyekupa wewe, baba,” nikasema. “Na kama ni wewe, sawa. Ukoo wetu hauna ng'ombe wengi, lazima turithi kitu.”

Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na Sista akaja mbio kutugombeza sote wawili.

Fainali ilichezwa pale chini. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi, na katikati ya mchezo ikaja mvua ya mawe, ile inayotoboa majani ya chai na kuwaliza wakulima. Baba na mimi tulikaa kitanda kimoja dirishani, blanketi moja mabegani, tunaziangalia nguzo zetu. Tuliongoza. Halafu wakapotelea nyuma ya mikaratusi, mawe yakapiga mabati, masikio yangu yakalia, na Sista hakuweza kusimama varandani. Hatukujua kitu. Baba alinishika mkono kwa nguvu sana. Sijui kama alijua amenishika.

Mvua ilipokatika Onsongo alipanda mteremko peke yake, tope mpaka machoni. Alipofika kwenye waya hakuniangalia mimi.

“Mzee,” akasema, “tumepigwa. Kiki moja ya mwisho. Mpira ulikuwa mikononi mwangu ukatoka kama samaki. Wewe hukuwepo. Tungefanya nini?”

Baba akajinyoosha pale kitandani, yule mtu aliyekuwa amekunjamana wiki nzima, akavuta blanketi likae vizuri. “Asiyekubali kushindwa si mshindani,” akamwambia kwa sauti ya kusoma matangazo. “Mwakani nitakuwepo.” Akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa ya furaha tupu, Mungu amsamehe. “Unaona? Bila mate yangu.”

Tangu siku hiyo alikunywa dawa zake bila kulazimishwa, na alikula uji wake na wangu.

Usidhani iliisha upesi. Wewe wa kwenye benchi, utajisikia vizuri kabla hujapona, na siku hiyo ndiyo ya hatari. Utasema mabega yamerudi, mimi naenda. Kaa. Chai nje ya wodi yetu ilipogolewa ikabaki vijiti vitupu, ikachipua, ikaanza kuchumwa tena, na sisi bado tulikuwa tunameza vidonge. Ligi yenyewe haikuendelea sana, Bwana Boila alirudi kwao. Lakini kabla ya kuondoka alihakikisha jina langu halikufutwa na nyumba ya mawe ikabaki yetu. Alikuja kuniaga kwenye waya. Akasema, “Inuka, cheza.” Nilijua nina pafu moja tu la kufaa na sitacheza tena, naye alijua. Nikamwambia nimesikia.

Siku tuliyoambiwa makohozi yetu yote ni safi, mara hii na mara ile ya kabla, Chelangat alikuja langoni na Cherop mgongoni. Nilikuwa nimemwona mtoto kwa mbali tu, juu ya waya, akikua kama mtoto wa jirani. Alishushwa. Alikuwa na meno tayari, na alituangalia kwa dharau ya mtu ambaye hajatambulishwa. Chelangat hakunipa mimi. Alimpita mume wake, akaenda kwa baba, akapiga magoti, akamnyooshea mtoto.

“Baba, nisamehe. Huyu ni wako.”

Baba alimpokea. Akamweka kwenye mkono, akamfungua kifuani ukosi wa gauni. Halafu akasimama hivyohivyo. Midomo ilisogea, lakini hakuna kitu. Kinywa kilikuwa kikavu. Mtu aliyetemea nusu ya Kericho alisimama pale anaogopa mtoto.

“Sista,” akasema kwa sauti ndogo. “Naweza?”

Sista Tabitha alikuwa nyuma yetu, mikono mfukoni mwa aproni. “Mzee,” akasema, “nimekupima mimi mwenyewe. Tema.”

Tfu.

Cherop alishtuka, akajigusa kifua, akaangalia kidole chake, akacheka. Baba akarudia maneno yote tangu mwanzo, machozi yanatiririka, hajali nani anaona.

Mimi nikaanza kufungua vifungo vya shati langu, nikasogea kwenye foleni.